Ngazi Kumi na Nne

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa wa nane kwenye foleni,
nimeshika dola kumi, ile isiyo na mkunjo wala tundu,
maana hapa Bukavu dola iliyochanika si dola, ni karatasi.
Dirisha likafunguliwa saa mbili.
Saa mbili na dakika tano likafungwa.
"Tiketi zimekwisha," akasema kijana wa ndani,
na kabla neno halijatua chini
Bisimwa alikuwa nyuma yangu, bulungutu mfukoni,
akininong'oneza kama daktari mwenye habari mbaya:
"Papa fundi, thelathini na tano. Kesho hamsini."

Bisimwa! Ambaye redio ya mama yake niliitengeneza kwa deni,
na deni lenyewe hadi leo tunapishana nalo njiani.

Nikamlaani. Kwa Kishi, kwa Kiswahili,
nikamalizia na kile Kifaransa kidogo nilichotoka nacho shule.
Nikasema: lango, na ulanguzi,
sikilizeni maneno haya yanavyofanana,
lazima mama yao ni mmoja!
Foleni ikacheka. Mmoja akanipigia makofi.
Nikapanda Kadutu na dola yangu nzima
na haki yangu nzima, nikihema.

Sasa, nyumba yangu.
Nyumba yangu imeushika mlima kwa kucha.
Mvua ikinyesha tunalala jicho moja,
tukisikiliza udongo unavyobishana na ukuta.
Lakini mbele ya mlango kuna ngazi kumi na nne za mawe,
baba alizipanga kwa mkono wake,
na kuanzia ya tano kwenda juu
unauona uwanja wote, kama sahani mezani.

Jioni taa zikawaka. Spika zikakohoa.
Vijana nisiowajua wakauliza, Papa, tunaweza kukaa?
Kaeni, nikasema.
Wakaja wengine. Nikasema, basi tuchangie,
franka mia tano, za ngazi,
maana mawe nayo yanachakaa.
Wakalipa. Hakuna aliyeuliza mawe yanachakaaje.
Besi ilipogonga bati la jirani ilikuwa elfu moja.
Wimbo wa tatu, elfu mbili.
Ngazi ya juu kabisa, elfu tatu,
kwa sababu pale, nilisema, unaona hata jasho lake.

Uongo. Kutoka pale mwimbaji ni punje ya mchele
inayorukaruka.

Ndipo akaja Nabintu, muuza sambaza,
kigoda kichwani, mjukuu mgongoni.
Ngazi hizi amezipanda miaka ishirini,
kikombe na nyongeza, kikombe na nyongeza,
hata wiki ile mke wangu alipojifungua nami sina kitu:
"Utalipa siku utakayolipa."

Nikanyoosha mkono.
Ulinyooka wenyewe, naapa,
kama mkono wa mtu ninayemfahamu.
"Elfu mbili, mama. Kesho..."
Nikanyamaza. Kesho haikuwapo.

Hakuteta. Akafungua fundo la kitenge,
akahesabu noti nne za mia tano, laini kama tambara,
akaweka kigoda kwenye ngazi ya pili, penye nafasi,
ambapo huoni kitu ila mgongo wa ukuta.
Wimbo wake ulipoanza alifumba macho.
Sijui nini alikiona.

Usiku nilihesabu: elfu tisini na nane.
Kwa bei ya wabadilisha fedha wa sokoni
ni dola thelathini na tano, bila senti kuzidi.
Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea.
Noti nne zilinuka samaki. Nikazitenga.
Kufikia alfajiri zilinuka zote.

Na sasa ni asubuhi, na nasikia kutoka chini
sauti ileile, Sambaza! Sambaza mbichi!
na miguu yake juu ya mawe ya baba,
ya kwanza,
ya pili,
hapo imesimama kidogo,
ya tatu.