Saini Hailingani

Kijana wa dirisha la tatu amenisukumia karatasi
kama mtu anayerudisha samaki aliyechacha:
"Mama, saini hailingani."

Anazo mbili mbele yake. Moja ya mwaka tisini na sita,
siku nilipoajiriwa: N imesimama wima,
mkia wa jina umezunguka chini, ukarudi, ukatia nukta.
Nilikuwa na maringo.
Nyingine ya asubuhi hii:
mdudu aliyetumbukia kwenye wino
akajikokota hadi ukingoni.

Namwambia, baba, hilo ndilo lililonileta.
Anasema, naelewa, mama, ila mfumo haukubali.

Miaka ishirini na sita nimeandika vizazi na vifo
kwenye meza ya pembeni, karibu na kabati lisilofunga.
Kulwa kwanza, Doto baadaye,
hata kama Doto ndiye aliyelia kwa nguvu.
Ng'washi, Ng'wandu: sikuisahau ritifaa hata siku moja,
maana mtoto akinyimwa ritifaa yake utotoni
atahangaika nayo ofisi hadi ofisi mpaka anazeeka.
Waliozama ziwani
niliwaandika polepole.

Kisha mkono ukaanza mambo yake,
jani la mgomba pasipo upepo.
Nililaumu kalamu. Nikanunua nyingine.
Nikailaumu na hiyo.

Kule Bugando, kilimani, walikaa madaktari watatu.
Inua kikombe. Fungua kifungo. Chora duara.
Duara langu likatoka na ghuba na rasi,
ungedhani Ukerewe,
pungufu ya kivuko tu.
Daktari Rwegasira akakohoa, akajaza asilimia
kwa mwandiko mbaya kuliko wangu,
na hakuna dirisha lililomrudisha.

Sasa bahasha ya kaki, imelainika kwa jasho:
barua ya mwajiri, hati ya mshahara wa mwisho,
picha ndogo mbili ambazo sicheki,
vyeti vya kuzaliwa vya wanangu watatu.
Kijana anavikunjua kimoja kimoja.
"Huu mwandiko wa nani?" anauliza. "Mzuri."

Nilikaa kimya kidogo.
Nyuma yangu mwalimu wa Misungwi mwenye magongo
akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Wangu," nikasema.

Akatazama cheti. Akatazama mkono,
uliokuwa ukigonga kaunta taratibu kana kwamba unabisha hodi.
Mkono mtupu haulambwi, wanasema.
Huu haukuwa mtupu. Ulijaa majina ya watu,
na yote umeyaacha kule, kwenye madaftari mapana,
haukuja na hata moja la kuonyesha.

Basi akafungua droo, akatoa kisahani cha wino wa zambarau.
"Tuweke dole gumba. Nitaandika maelezo pembeni."

Nimeshika madole mangapi mimi!
Ya wazee waliokuja kuandikisha vifo vya wake zao,
magumu kama kwato, yenye nyufa za jembe,
wakikaza kwa aibu, nami nikiwaambia:
legeza, mzee, usisukume, mimi nitaliviringisha.

"Legeza, mama," akasema. "Usisukume."

Kwa muda ule mkono ukatulia.
Sijui kwa nini. Labda ulichoka, labda uliona haya
kutetemeka ndani ya mkono wa mtoto wa watu.
Alama ikatoka safi, kila mstari mahali pake.
Muhuri ukapigwa. "Njoo baada ya siku tisini."

Mwaloni nikanunua dagaa wa buku.
Muuzaji, Bi Nyanjige, akaona kidole:
"Kwani leo kuna uchaguzi?"
Nikamwambia ndiyo, nimejipigia kura mwenyewe,
matokeo ni miezi mitatu.

Alicheka hadi akashika mizani.
Chenji ikaniponyoka, sarafu zikabingirika chini ya meza,
tukapiga magoti wote wawili
kuzitafuta kati ya magamba.