Uzito wa Gumba

Sikuokoka mkutanoni.
Nasema mapema, maana watu hupenda
habari za spika, jukwaa, na walioanguka.
Mimi ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja jioni,
ghala la chama cha msingi limeshafungwa,
nimekalia gunia la mtu
natafuna mhogo wa kuchoma.

Misimu saba nilikuwa karani wa mizani, Lulindi.
Wakulima walitazama mshale,
mimi nilitazama macho ya wakulima,
na gumba langu lilijua lenyewe pa kukaa:
chini ya ubao, upande wa kivuli,
likiinua kidogo tu,
kama mtu amsaidiaye mgonjwa kuketi.
Kilo moja hapa. Kilo na nusu pale.
Mabati ya nyumba yangu, thelathini na sita,
yalitoka kwenye kilo ambazo hazikuandikwa.
Na Jumapili nilisoma somo la kwanza
kwa sauti ambayo padri aliisifu.

Akaja Kostansia Namkwahe,
mwendo wa saa mbili kutoka mashambani,
kandambili ya kushoto nyekundu, ya kulia buluu,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda la korosho.
Enzi zile pesa zililipwa mkononi.
Akafungua pindo la kitenge,
ndani ya fundo fundo jingine,
akatoa noti mbili za elfu moja moja.
"Karani, jana ulikosea. Ulinizidishia."

Mhogo ukanikauka mdomoni.
Jana ile ile nilimwibia kilo nne.

Akaomba maji, akanywa kwa kituo,
akasema, "Mungu naye akuzidishie,"
akaondoka.

Hapakuwa na nuru. Popo walianza kutoka darini.
Lakini nilijiona nimewekwa juu ya ule ubao,
mimi mzima, na viatu vyangu, na sauti yangu ya masomo,
chini hakuna gumba la mtu,
na mshale
haukutikisika.

Nikanunua daftari la kurasa themanini.
Majina niliyatoa kichwani; mwizi hasahau.
Mzee Chitanda alipokea, akahesabu mara mbili, akafunga mlango.
Saverio alinizaba kofi kwanza, chai baadaye.
Wawili niliwakuta makaburini,
nikasimama na pesa yao mfukoni kama mjinga,
nikaenda kuuliza wajukuu wako wapi.
Nilipoanza kung'oa mabati
Filomena wangu hakusema neno siku tatu.
Ya nne akaja na tita la nyasi kichwani,
akaegemeza ngazi ukutani.
"Panda, mwizi. Mvua haingoji toba yako."
Nilicheka huko juu mpaka nikalia.

Padri alitaka nitoe ushuhuda.
Nikamwomba badala yake aniondoe kwenye zamu ya kusoma.
Kwanza nijifunze kusikia.

Kostansia nilimwacha wa mwisho, kwa woga.
Nilimkuta anabangua, jivu limempanda hadi kwenye kiwiko.
Nikasema yote, msimu kwa msimu.
Hakuacha kugonga.
"Nilijua," akasema. "Tangu msimu wa pili."
Basi zile elfu mbili? Kwa nini ulizirudisha?
Akapuliza ganda, akaitazama punje kama ni nzima.
"Zile hazikuwa zangu."

Siku hizi nalima ekari mbili, napulizia salfa za watu.
Nisikudanganye kuwa nimepona.
Oktoba ikifika, harufu ya mabibo ikipanda,
gumba langu huamka kabla yangu.
Nalikuta gizani limeshajikunja, linatafuta ubao.
Naliambia, twende.
Nalipeleka shambani pamoja na wenzake wanne
likaokote moja moja,
likanuke ganda, libabuke,
na Jumapili nalinyosha mbele ya altare
kando ya mkono wa Kostansia,
viganja viwili vyeusi,
vimefunguliwa,
vinangoja kitu chepesi kuliko punje.