Kadi ya Popo

Profesa Mutonkole amenipa kalamu
na popo mmoja mkavu, pamba machoni.
"Andika kadi," amesema, "wewe mwandiko wako unasomeka."

Ngeli: mamalia. Hapo sina ubishi.
Nimeiona chuchu yake karibu na kwapa,
ndogo kama punje ya ulezi.
Huzaa mmoja kwa mwaka,
akaruka naye kifuani usiku kucha
kama muuza mkaa wa Katuba asiye na wa kumwachia mtoto.

Oda: wenye mabawa ya mkono.
Namkunjua taratibu, asichanike.
Vidole vinne vyembamba kama spoku za baiskeli,
ngozi imetandwa kati yake;
cha tano, gumba, kimebaki nje
kushika tawi, kushika tunda, kushika mama.

Jina: *Eidolon helvum*.
Kigiriki na Kilatini vimekaa meza moja:
mzuka, wa manjano kama asali.
Mama angecheka.
Mzuka gani huyu mwenye njaa namna hii,
anayenuka matunda yaliyochacha,
anayegombania tawi saa tisa za usiku
kama abiria na kiti?

Makazi: kuanzia Senegali.
Naandika kwa herufi ndogo, kadi haitoshi.
Misitu, miji, visiwa, hadi kusini kabisa ya bara.
Oktoba, joto likikaba Lubumbashi,
hupita juu ya bomba refu la moshi
na kile kilima cheusi cha masizi ya shaba.
Kasumbalesa malori hulala foleni siku nne
yakingoja muhuri.
Wao huvuka juu ya vichwa vya madereva,
wakaning'inia kwenye kinamasi cha Zambia
wengi mpaka matawi yanavunjika.

Mstari wa mwisho: Asili.

Kalamu imesimama.

Mwaka wa tisini na mbili
mtu alisimama mlangoni kwetu, Kamalondo, na karatasi.
Baba akamwambia: kitovu changu kimezikwa hapo,
nyuma ya choo, kachimbe.
Yule mtu akaandika: Kasai.
Walituita wadudu.
Oda nyingine. Droo nyingine.

Wiki tano tulilala stesheni.
Mama alisonga bukari kwenye ndoo ya rangi,
mdogo wangu Bakaji akazaliwa kati ya magunia.
Usiku mmoja nililala chali
nikaona anga lote linahama.
Wao kusini, sisi kaskazini.
Nilifikiri nao wameulizwa.

Wao walirudi kabla ya mwaka kwisha.
Mimi, miaka tisa.

Basi nimeandika:
*Ameokotwa chini ya mkaratusi, njia ya Kipushi,
tarehe nne, asubuhi, baada ya mvua ya kwanza.
Tumboni: mbegu za mkuyu.*

Profesa ameinua miwani.
"Hiyo si asili, Mukeba."
"Ndiyo, Profesa. Ila ndiyo tunayoijua."
Amenyamaza. Kisha ametia sahihi,
akaenda kutafuta chai.

Zile mbegu sikuzitupa.
Nilizifukia katika kopo la nyanya, dirishani,
na leo moja imetoa jani,
kijani, moja tu, limepinda kuelekea kioo.

Hilo sijaliandikia kadi.