Kwa Jalmari, Aliyerudisha Pampu Usiku

Umeiegemeza ukutani, uso umeugeuza,
kama mtoto aliyekojoa kitandani.
Nyayo zako zimo thelujini, za kuja na za kuondoka;
za kuondoka zimeachana zaidi. Ulikimbia.

Nimefungua kizibo cha oili.
Nyeupe, nzito, rangi ya chai ya maziwa.
Oili haina aibu, Jalmari, husema yote:
maji yamepita pasipo njia, sili zimeungua.
Nikaigeuza pampu, na ufa ukanitazama,
mrefu kama kidole changu cha shahada,
umechana shaba ya kichwa toka vali hadi vali.

Sikuulizi. Najua.
Ulikuwa unaosha lori la magogo la Pentti,
simu ikalia, ukaachia kifyatulio,
injini ukaiacha ingurume.
Ulidhani pampu imepumzika.
Hapo ndipo inapoteseka: maji yale yale
yanazunguka tumboni, hayana pa kutokea,
yanapata joto, yanachemka.
Huvumilia dakika mbili, zikizidi sana tatu,
na Sanelma, namjua, hana salamu ya dakika tatu.

Kisha ukailaza nje, nyuma ya pikapu,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Yalibaki maji ya kikombe kimoja tu.
Kikombe kimoja, kikivimba, hupasua shaba.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta;
hapa Kuhmo baridi haikupi hata muda wa kuziba:
unalala na pampu,
unaamka na vyuma chakavu.

Sasa sikiliza, maana sitaandika tena.
Fungua maji kwanza, injini baadaye.
Binya kifyatulio mpaka hewa ikohoe yote
na maji yatoke mamoja, bila kukatika,
ndipo uvute kamba.
Ukisikia changarawe ndani ya kopo,
usiongeze presha. Ina kiu.
Chungulia chujio, nyoosha mpira uliojikunja,
ondoa lile jani la mbetula lililoziba mdomo.
Nozeli ikilika, nunua nozeli,
usikaze skrubu ya presha kama unayemkaba mwizi.
Oili ya kwanza imwage baada ya saa hamsini,
hata kama bado inang'aa, hata kama inakuuma mfukoni.
Ukimaliza: zima, funga bomba, binya tena
mpaka bunduki iishe pumzi.
Vuta kamba mara mbili, iteme yaliyobaki.
Halafu inyweshe dawa ya baridi
mpaka itoke ya waridi puani mwake.
Ilaze ndani. Ndani, Jalmari. Karibu na jiko la sauna.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
nilipoipasua ya kaka yangu Taisto.
Ufa ule ule, karibu pale pale.
Nilisema mbwa ameiangusha.
Mbwa akafungwa mnyororo wiki nzima,
na kila nilipopita na ndoo
aliinua kichwa, akanitazama, akakilaza.
Taisto alikufa bila kujua.
Au alijua; alikuwa mtu wa kunyamaza,
na masika yale alinipa spana zake zote
bila kusema kwa nini.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Mimi kilio changu kilikuwa macho ya mbwa.
Wewe huna mbwa, una shangazi.

Kichwa kipya kimeagizwa, kitafika Alhamisi.
Nusu ya bei utalipa wewe, kidogo kidogo,
kwa kuosha, na mimi nikiwa nimesimama pembeni.
Njoo Jumamosi, saa nne asubuhi, kukiwa na mwanga.
Leta spana namba kumi na saba uliyoichukua Oktoba
ukidhani sikuiona.
Kahawa itakuwepo.
Pita mlango wa mbele.