Wenzangu Wote Wameruhusiwa

Nilianza na baba, jioni, katoka shambani
na unga wa salfa kwenye nyusi, mzee kabla ya wakati.
Nikampokea pampu, nikamtengea maji ya moto,
ndoo nzima. Newala hii, ndoo nzima!
Akajua kuna jambo.
"Msimbati," nikasema. "Siku tatu tu. Tuko watano."
Akanawa polepole, kama anayetafuta jibu nyuma ya sikio.
"Kamuulize mama yako."

Mama alikuwa anatwanga kisamvu.
"Baba yako amesemaje?"
"Amesema nikuulize."
Twi. Twi. Mchi ulijibu kabla yake.
"Basi kwa mjomba wako hujafika."

Kwetu ndivyo: mtoto ni wa mama,
na neno la mama hukaa kwa kaka yake,
na kaka yake anakaa Kitangari,
na simu yake inakaa juu ya kichuguu nyuma ya choo,
ndipo mtandao unapofika.
Nilipompata alikuwa anahema.
"Msimbati kuna nini?"
"Bahari, mjomba."
"Bahari haiwezi kungoja matokeo?"
Sikuwa na jibu. Nikatoa lile la akiba:
"Lakini wenzangu wote wameruhusiwa."

Somoe kwao alisema hivyohivyo, akinitaja mimi wa kwanza.
Skola alisema mbele ya babu yake, mzee wa kanisa.
Merina alimwandikia baba yake aliyeko Nangurukuru:
*Mama Siwema kaafiki, hata nauli katoa.*
Hadija alilia kidogo. Anajua kulia.
Hakuna aliyeruhusiwa.
Tulikuwa watano tumeshikana mikono
pale ukingoni, Shimo la Mungu,
kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekanyaga ardhi.

Kisha akafariki bibi yake fundi baiskeli,
na mama zetu wakakutana msibani,
sinia moja la mchele, wakichambua mawe.
Sikuwapo. Nimehadithiwa.
"Hongera mwenzangu, una moyo," alianza Mama Somoe.
"Mimi wangu ningemnyima, basi tu niliposikia wewe umekubali..."
"Mimi?"
Wanasema kicheko kilitaka kutoka mbele ya wafiwa,
kikazibwa kwa ncha za kanga.

Mama alirudi usiku. Hakunipiga.
Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akavua ndala.
"Mmesoma miaka yote hiyo
mkakubaliane uongo mmoja, neno kwa neno."
"Hatukukubaliana, mama. Ulitokea tu."
Nikatazama moto. Kisha, sijui ujasiri ulitoka wapi:
"Wewe umewahi kuiona bahari?"
"Nilipopelekwa Ligula, wewe tumboni umekaa vibaya.
Niliiona dirishani. Kipande.
Nikadhani mtu kaanika kanga."

Ruhusa haikutamkwa, hadi leo.
Baba aliuliza basi la asubuhi linapita wapi,
ilhali anajua.
Mjomba alituma elfu kumi, na ujumbe: *Ya kutolea imo.*
Mama alinishonea mfuko wa pesa ndani ya sketi,
akafunga korosho alizobangua mwenyewe, vidole bado vyeusi,
akazigawa mafungu matano.
Na simu kila magharibi, spika wazi,
kila mmoja ataje jina lake kwa sauti yake.

Alfajiri, stendi, baridi ya mwezi wa sita,
mama watano wamejitanda, hawatazamani.
Nilishusha kioo nichukue chupa ya chai
nikamsikia mama, chini chini, kwa Mama Skola:
"Mimi nisingekubali kabisa, mwenzangu.
Ila nilisikia nyie wote mmeruhusu."