Kikombe Kisicho Mkono

Mchele vikombe viwili, uloweke usiku.
Kikombe, Thuwaiba, ni kile chako kisicho mkono,
kilichokuponyoka Wadi Kabir mwaka tuliohamia,
ukalia kama umefiwa, nami nikacheka
mpaka mama akatufukuza jikoni sote wawili.

Tui la kopo; nazi hapa Maskati hufika zimechoka.
Iliki saba. Mama alisema tano,
wewe ukaongeza mbili alipokwenda kusali,
na tangu siku ile mkate wa ukoo wetu
una wizi wako ndani.

Hamira kidogo tu. Joto la Juni
huumua unga kabla porojo halijaisha.
Mara ngapi ulifurika, tukapangusa meza
huku ukinisimulia mumeo wa kwanza,
na wa pili, ambaye hakuhitaji maneno mengi.

Sukari.
Hapa karatasi ya mama iko tupu.
Sijawahi kupima. Ulionja wewe,
kidole kimoja, jicho moja umelifumba:
bado, bado, basi.

Sasa daktari wa Ruwi amekukataza.
Unakuja Alhamisi na fimbo yako,
unakaa karibu na jiko, unanusa.
Nakuuliza, imetosha?
Unaniambia nionje mwenyewe.
Miaka hamsini na tatu, Thuwaiba,
na ulimi wangu haujajifunza neno hili moja.

Nageuka kupaka sinia samli.
Nikirudi, kidole chako kimo bakulini,
jicho umelifumba.

"Bado," unasema.