Kikohozi katika Wimbo wa Sita

Albamu ya kwanza ya Nabifo iliingia Mbale kwa kishindo,
mwaka wa tohara, vumbi la kadodi likipanda hadi madirishani,
na mimi, mpakia nyimbo wa Barabara ya Kumi,
nikanunua godoro kwa mia tano mia tano.

Hii ya pili imekuja mwaka usio na jando.
Nyimbo tisa, ngoma hakuna.
Nyuzi za litungu tu, na sauti yake karibu na sikio
kama jirani anayeomba chumvi usiku, asiwaamshe watoto.

Wa kwanza kurudi alikuwa Wandeba wa bodaboda,
kofia ya pikipiki bado kichwani:
"Umenipakia matanga! Abiria wangu ameshuka njiani,
eti atatembea."
Nikamwambia, flashi ni yako, mwimbaji si wangu.

Nandudu wa saluni aliisikiliza mara mbili,
mteja nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama,
akatoa hukumu: "Amepwaya. Tangu awaache wenzake wawili
hana wa kumcheka akikosea."

Mwalimu Gidudu, ambaye kwangu hununua kwaya tu,
akalipia zote tisa, akahesabu chenji,
akasema, "Sasa ndiyo ameanza,"
akaenda zake.

Na wale wasichana wa chuo cha uuguzi
waliovaa fulana za uso wake
mpaka uso ukapaukia kwenye kamba ya nguo,
hawakusema kitu.
Walisimama chini ya bati langu, mvua inanyesha,
wawili wawili, kila mmoja na sikio moja la waya.

Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa kikohozi.
Wimbo wa sita, dakika ya pili, kabla ya kiitikio,
anakohoa. Kimoja. Kikavu.
Na litungu linamsubiri.

Ni fundi mitambo, alikuwa amelewa.
Ni mapafu, hamwoni alivyokonda?
Ni mimba, alisema Nandudu,
na nani atamwambia Nandudu kwamba mimba haikohoi?
Ni mama yake, alisema muuza malewa, bila kuinua macho:
mama yake alikohoa hivyo msimu mzima wa kahawa
kabla hatujamzika.
Huyo mtoto amemwachia nafasi humo ndani.

Wandeba akaweka mia mbili mezani. "Kitoe."

Nikakitoa. Kazi ni kazi.
Kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa kichuguu kidogo,
nikakata, nikaunga, kovu halikuonekana.
Kufikia Ijumaa nusu ya mji ilikuwa na wimbo uliosafishwa,
na ule mwingine, nikiwa natafuta nafasi ya filamu za Wahindi,
nikaufuta.

Jumatatu Wandeba karudi. Akazunguka maneno,
bei ya petroli, trafiki wa mnara wa saa, mkewe.
Kisha: "Pale pananisumbua.
Nikifika pale nangoja."
Unangoja nini?
"Nirudishie tu."

Sikuwa nacho.
Ikabidi niwaite wauguzi wangu nje ya lango lao,
mtu mzima, na waya mkononi, naomba kikohozi.
Yule mrefu, Khainza, akakubali kwa sharti moja:
tuusikilize wote, hapohapo, mpaka mwisho, hakuna kuongea.

Basi tukasikiliza. Wanale ilikuwa imejifunika wingu,
roleksi ya jirani inaungua kwenye kikaango chake,
na ilipofika dakika ya pili
Wandeba alivua kofia,
labda kwa joto.

Anakohoa. Litungu linasubiri. Anaendelea.

"Bado inachosha, hii albamu," Wandeba akasema
alipopata sauti. "Niwekee na ile ya zamani juu yake."
Mia saba, nikamwambia.
Akalipa mia sita,
na ile mia moja ananidai mimi, eti, kwa kumkatia wimbo.